Modeli imezeeka au imechafuka tu? Dalili, sababu na tiba kwa waunda modeli wa kusini

Ukikaa na waunda modeli wa Mtwara, Mikindani au Lindi, wanaotengeneza magari na vyombo vidogo na kuvichakaza kwa rangi vifanane na vya kweli, utasikia malalamiko yaleyale: kutu inayowaka, vanishi iliyopauka, jahazi linalokataa kuzeeka, na jirani aliyepita barazani akauliza, "Hili gari gani hili?" Nimeyapanga hapa kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu inayotangulia ndiyo inayokutwa mara nyingi zaidi. Anza nayo hata kama unaiona ya kitoto, maana wengi hukimbilia tiba kubwa kumbe kosa lilikuwa kwenye balbu ya chumbani.

Maneno machache kwanza. "Rangi ya maji" na "rangi ya mafuta" ni kama zinavyoitwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi, ila hapa ni za vikopo vya modeli au tyubu za wachoraji. Tapentaini ni kiyeyusho kipole. Tina ni ile kali ya mafundi rangi wa magari. Woshi ni rangi ya mafuta iliyozimuliwa sana kwa tapentaini ili itiririke na kubaki kwenye mianya. Unga ni rangi kavu iliyosagwa.

Na jambo moja linaloongoza yote yanayofuata: usitibu doa kabla hujajua kitu gani kingelisababisha kwenye gari au chombo cha kweli. Maneno ya mkosoaji nayo yaendee hivyohivyo.

Dalili: Lori linaonekana limepakwa tope, halionekani limesafiri

*Tope la nchi nyingine.* Hii ndiyo sababu kubwa, na sioni aibu kusema ni ugonjwa wetu. Mafunzo mengi tunayoyatazama yanahusu vifaru vya Vita Kuu ya Pili kwenye matope ya Ulaya, basi lori la korosho la Newala linatoka na tope jeusi la baridi kali. Udongo wa Newala, Tandahimba na Masasi ni mwekundu. Ukishuka Mtwara mjini na Mikindani unakuta mchanga mweupe wa kijivu na vumbi la matumbawe. Lori lililoteremka kutoka juu lina wekundu uliojificha kwenye kona, chini ya mabawa ya magurudumu na kwenye nati za rimu, na juu yake utando mwepesi wa vumbi la pwani. Jaribio lake ni rahisi: taja njia ambayo lori lako limepita. Ukishindwa kuitaja, kosa umeshalipata.

*Uchafu ulio sawa kila mahali.* Vumbi hutua palipo bapa, mvua hulivuta chini, gurudumu huurusha uchafu nyuma. Waipa huacha nusu duara safi kioo cha mbele. Mkono wa dereva husugua kitasa cha mlango, kiatu chake hung'arisha kidato, na makuli hukwangua mlango wa nyuma wa bodi. Sehemu zinazoguswa kila siku huwa safi kuliko nyingine, hata kwenye gari chafu kupindukia.

*Mzigo haukufikiriwa.* Malori ya saruji ya Mtwara hubeba utando wa kijivu ambao ukilowa hugandamana kwenye kona na haufutiki tena. Malori ya makaa ya mawe yanayotoka Ruvuma kuja bandarini huwa na weusi unaoanzia kingo za bodi na kushuka. La korosho lina vumbi la magunia na nyuzi zake. Kuyapaka yote matatu uchafu wa aina moja ni kumwambia mtazamaji kwamba hakuna lililobeba kitu.

*Mpangilio wa tabaka.* Kutu hukaa chini ya vumbi, na tope la leo hukaa juu ya vumbi la wiki iliyopita. Ukianza na tope ukamalizia na kutu, jicho linagundua kabla mdomo haujajua la kusema.

Tiba: kama ulitumia unga ambao haujafungwa kwa vanishi, lowesha brashi kwa tapentaini safi, ifute nusu, kisha pangusa kuanzia juu kwenda chini. Paa na boneti vikisafika, mara nyingi gari lote linapona. Tope lililochanganywa na gundi likawa gumu ling'oe kwa kijiti cha meno. Lisipong'oka, liache palepale na ulifunike kwa vumbi jepesi. Usiguse tina. Tina haichagui: itaondoa tope, rangi na plastiki pamoja.

Dalili: Kutu ina rangi ya soda ya chungwa

*Rangi moja tu imetumika.* Kutu ina umri. Ile changa ndiyo yenye uchungwa, kongwe ni kahawia iliyokolea inayokaribia weusi. Weka kwanza kahawia nyeusi kwa kipande cha sifongo, kisha nyekundu ya matofali ndani yake, na uchungwa uwe nukta chache pale ambapo maji yangetuama.

*Kutu imewekwa pasipo chuma.* Bampa la plastiki halipati kutu, wala tangi la alumini, ambalo hupauka tu na kuwa jeupe la kijivu. Bati lililopakwa zinki halioti kutu katikati. Huanzia kwenye tundu la msumari, kwenye ukingo uliokatwa na pale mabati mawili yanapolaliana. Tembea mitaa ya zamani ya Mikindani utazame mapaa. Hakuna somo zuri zaidi, na ni bure.

*Mtiririko hauna chanzo.* Kila mchirizi wa kutu una mahali ulikoanzia: bolti, kiungo cha kuchomelea, mpasuko. Kwenye meli huanzia chini ya tundu la mnyororo wa nanga na chini ya matundu ya kutolea maji ya sitaha. Mchirizi unaoanzia katikati ya ubavu mtupu ni uongo.

*Kipimo kimesahaulika.* Kwenye modeli ya 1:35, mkwaruzo wa milimita 1 ni jeraha la sentimita 3.5 kwenye gari la kweli. Kwenye meli ya 1:350, mchirizi wa upana uleule ni sentimita 35. Piga hesabu kabla hujachovya. Hili linatibu pia lile tatizo la madoadoa ya rangi iliyobanduka yaliyotapakaa gari zima: yapunguze ukubwa na uyabakishe kwenye kingo, bawaba na mahali pa kukanyaga.

*Taa.* Kabla hujapaka tena, toa modeli barazani saa nne asubuhi. Kutu iliyopakwa chini ya balbu ya njano inaweza kubadilika kabisa juani.

Pwani yetu inaozesha chuma haraka kwa sababu kutu inahitaji chuma, maji na oksijeni, na chumvi iliyo kwenye umande huharakisha mwenendo huo. Kwa hiyo gari la Lindi mjini lina haki ya kuwa na kutu nyingi kuliko la umri uleule lililoishi bara. Anayekuambia "umezidisha" bila kuuliza gari linaishi wapi hajamaliza kukagua.

Wapo wanaotumia kutu halisi, ya kukwangua bati au ya kuloweka nyuzi za chuma kwenye siki. Inapendeza kuliko rangi yoyote. Ile ya siki isuuze vizuri na uikaushe, la sivyo asidi iliyobaki itaendelea kula waya na misumari ya modeli. Simama hapa ikiwa bati unalotaka kukwangua lina rangi ya zamani: rangi za zamani nyingi zilikuwa na risasi, na vumbi lake ni sumu, kwa watoto hasa.

Dalili: Jahazi bado linaonekana jipya

Hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa vyombo vya mbao ndivyo tulivyonavyo mlangoni na ndivyo tunavyovikosea zaidi.

*Mbao zimepakwa kahawia.* Mbao iliyoachwa tupu kwenye jua na chumvi haizeeki kwa kuwa kahawia. Inakuwa ya kijivu chenye ung'avu mdogo. Lakini mbao iliyopakwa sifa, yaani yale mafuta ya papa, hukolea na kubaki na mng'ao mzito. Lazima uamue: chombo chako kimekauka au kimepakwa? Kikiwa kimepakwa, ukavu utaanza juu, karibu na ukingo, ambako jua linapiga na mikono inasugua.

*Tumbo la chombo limesahaulika.* Chini ya mstari wa maji, kwa desturi, hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Hupakwa kwa mkono, hivyo ukingo wake hauwezi kunyooka kama umepimwa kwa rula. Ni nyeupe iliyochafuka, na baada ya muda huota ukijani wa mwani na kukwanguliwa na mchanga. Tena haikwanguki sawasawa. Maji yakipwa, chombo kisichotegemezwa kwa magadi, yaani miti ya kukiegemeza, hulalia ubavu, basi ubavu ule na mkuku, ule uti wa chini wa chombo, ndivyo vinavyoumia.

*Misumari haijatoa machozi.* Chuma kikikutana na mbao ngumu zenye tanini na kulowa, hutoa doa jeusi la samawati kuzunguka msumari, na mchirizi wa kahawia unashuka chini yake. Wengi hupaka kahawia peke yake. Ongeza nukta ya bluu iliyokolea, ndogo kabisa, utaona mbao zinageuka mbao za kweli.

*Tanga na kamba ni safi mno, au ni chafu kote.* Tanga huchakaa linapokutana na foromali (mti unaolibeba), kwenye pembe na kwenye ukingo wa chini unaoguswa na mikono yenye mafuta ya samaki. Ukiunda chombo cha zamani, tanga ni la merikani, kile kitambaa cha pamba, na viraka vyake ni vya kitambaa. Ukiunda cha leo, turubai na viroba vya plastiki ni halali kabisa, na plastiki haichakai kama pamba: hupauka na kuchanika nyuzi.

*Mistari ya kalafati, yaani mishono ya mbao iliyozibwa, ni myeusi na mipana.* Ipunguze kwa woshi ya kahawia. Kwenye kipimo cha 1:50 mshono wa mbao ni unywele.

Kama yote haya hayasaidii, nenda pwani maji yamekupwa. Usitafute chombo kibovu kuliko vyote. Hicho kimekufa na kinakufundisha uozo. Tafuta kinachofanya kazi. Toa salamu, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, kisha piga picha mambo matatu: mstari wa maji, mkuku na mahali kamba ya nanga inapopita.

Simama kama jahazi dogo mlilonalo ni la kurithi, limetengenezwa na mtu aliyejua vyombo, na uchakavu wake ni wa kweli. Huo haupakwi tena ukifutwa. Funika, weka mbali na jua, na omba ushauri wa wahifadhi wa Makumbusho ya Taifa kabla hujashika brashi. Vivyo hivyo modeli iliyochongwa kwa mpingo: weusi ule ni wa moyo wa mti, hauhitaji msaada wa mtu.

Dalili: Woshi imekula rangi ya chini, au imeacha pete

Ikiwa imekula, mara nyingi ni kwa sababu rangi ya chini ilikauka kwa kugusa tu. Msimu wa mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, rangi ya mafuta inaweza kuhitaji siku kadhaa zaidi ya ilivyoandikwa koponi. Nusa modeli kwa karibu. Ikiwa bado inanuka, bado haijakomaa. Sababu ya pili ni kutumia woshi ya mafuta juu ya rangi ya mafuta bila ukuta katikati. Paka vanishi ya maji, iache ikauke usiku kucha, ndipo uje na woshi. Ya tatu ni chupa: mtu alidhani ni tapentaini kumbe tina. Andika majina kwenye chupa, jamani.

Ukiona rangi inaanza kutoka, toa mkono papo hapo. Kila unapojaribu "kurekebisha kidogo" unapanua kidonda. Acha ikauke kabisa, sugua kwa msasa mwembamba wa maji, upake upya sehemu ile.

Pete hutokana na woshi nyingi juu ya uso usiong'aa. Paka kwanza vanishi inayong'aa, na woshi uielekeze kwenye mianya tu badala ya kuogesha gari zima. Pete iliyokwishatokea guse ukingo wake kwa brashi yenye tapentaini safi, usisugue. Rangi ya tyubu ikikataa kukauka, mafuta yake ni mengi: ikamue juu ya boksi gumu la karatasi, iache saa chache boksi linyonye mafuta, ndipo uizimue.

Mafuta ya taa badala ya tapentaini? Yanafanya kazi kwa macho, ila huacha utando wa mafuta na vanishi inayofuata haishiki. Petroli, hapana kabisa, hata tone. Ni moto uliofungwa kwenye chupa, na plastiki ya modeli iliyobanwa kwa gundi hupasuka ikiguswa nayo. Ukiona nyufa nyembamba zinajitokeza kwenye viungo baada ya woshi, acha kupaka. Gundisha kwa ndani, iache. Hakuna dawa ya juujuu inayorudisha plastiki iliyopasuka.

Onyo la matambara: rangi ya tyubu ina mafuta ya kitani. Tambara lililolowa mafuta hayo likikunjwa na kutupwa kwenye ndoo hujipasha joto lenyewe na linaweza kuwaka. Litandaze nje likauke, au lizamishe kwenye maji kabla ya kulitupa.

Dalili: Vanishi imekuwa na ukungu mweupe

*Unyevu wa hewa.* Kiyeyusho kinapoyeyuka haraka hupoza uso wa modeli, umande unatua juu ya rangi na kunaswa ndani yake. Pwani ya kusini hili ni jambo la kila siku mvua zikinyesha. Usipulize alfajiri wala jioni. Alasiri kavu ya msimu wa kusi ndiyo rafiki yako. *Kopo halikutikiswa:* kile kinachoondoa mng'ao hukaa chini, kikitoka kwa mkupuo kinatoka cheupe. *Ulipuliza kwa mbali mno*, vanishi ikafika ikiwa imekauka nusu. *Woshi ya chini ilikuwa bado mbichi.*

Subiri siku kavu, ongeza tabaka moja jembamba la vanishi inayong'aa. Ukungu mwingi hupotea hapo, kisha urudishe vanishi isiyong'aa kwa tabaka nyepesi. Kama weupe upo kwenye vioo peke yake, chunguza gundi: mvuke wa gundi ya papo hapo hung'ang'ania vioo. Vioo vipakwe vanishi safi kwa brashi na kwenye modeli inayofuata vitiwe baada ya gundi kukauka, kwa gundi nyeupe ya mbao.

Simama, mwite fundi ukishawishiwa kutumia vanishi ya magari ya kuchanganywa na kikausha. Zina isosayaneti, ambazo zinaweza kuharibu mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Hiyo ni kazi ya fundi rangi mwenye chumba na vifaa vya kupumulia. Kompresa ya kujitengenezea kwa mashine ya friji na mtungi wa zamani nayo ikaguliwe na fundi anayejua shinikizo la hewa. Mtungi wenye kutu ndani haulii kabla haujapasuka.

Dalili: Unga wa vumbi umetoweka baada ya kufungwa

Ni kawaida, kwa sababu kila unga ukilowa hukolea na ukikauka haurudi wote. Chagua unga mweupe zaidi ya unaoutaka na jaribu kwenye kipande cha plastiki cha kutupa. Ukipuliza vanishi moja kwa moja juu yake, upepo unaupeperusha. Bora kudondoshea tapentaini kidogo pembeni ijivute yenyewe.

Udongo wa Masasi au Nachingwea unafaa sana ukiukaanga kikaangoni kavu ili kuua wadudu na koga, ukiusaga, kisha ukiuchuja kwa kitambaa chenye nyuzi zilizobana. Chembe ya milimita 1 kwenye 1:35 ni jiwe la sentimita 3.5. Vaa barakoa ukichuja.

Dalili: Modeli inatoka jasho

Hii ni ya kwetu. Modeli ilikauka vizuri, na siku ya unyevu inalowana, hasa chini. Sababu ni chumvi. Ama umeweka mchanga wa ufukweni, ama umetumia ile mbinu ya kubandua rangi kwa chumvi na hukuisuuza. Chumvi ghafi ya mashamba ya chumvi hunywa unyevu wa hewa kuliko ile ya pakiti.

Kama haijafungwa kwa vanishi, suuza kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, rudia, kausha kivulini. Usianike juu ya bati juani; plastiki inapinda. Kama imefungwa, hakuna njia ya mkato: ng'oa msingi wenye mchanga uuweke mwingine. Ukiwa na taa ndogo ndani ya modeli, toa betri kwanza. Ikiwa taa hizo zimeunganishwa na umeme wa ukutani, usiguse hadi fundi umeme aangalie.

Na popote pale kwenye kazi hii, mtoto akinywa tina, tapentaini au mafuta ya taa, usimtapishe. Chukua chupa, mpeleke hospitali mara moja. Kwa Mtwara ni Ligula, kwa Lindi ni Sokoine.

Dalili: "Sijui, ila kuna kitu hakijakaa sawa"

Sasa kwenye maneno. Sentensi hii inaudhi kuliko tusi, lakini mara nyingi ina ukweli: jicho limeona kosa la kipimo, la mng'ao au la mwanga, mdomo ukakosa jina lake. Usimuulize "unaonaje?", maana atakujibu "nzuri" na kuondoka. Muulize, "Jicho lako limeenda wapi kwanza?" Ataonyesha kwa kidole. Watu watatu wakionyesha mahali pamoja, hapo pana kosa hata kama kila mmoja anatoa sababu yake. Wakionyesha mahali patatu, pengine umezidisha utofauti wa giza na mwanga gari zima na jicho halina pa kupumzika. Woshi moja nyepesi ya kahawia juu ya yote huyapatanisha.

Dalili: Mwenye kazi yake amecheka

Dereva, nahodha, fundi wa vyombo. Mara nyingi yuko sahihi, na kicheko chake kina thamani kuliko sifa za wenzako kumi wanaounda vifaru.

"Shikamoo babu. Chombo hiki kimekosea wapi?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Hakijakosea. Ila hiki hakijawahi kupwelewa."

Yaani hakina alama za kuachwa na maji mchangani. Jibu kama hilo liandike siku hiyohiyo. Kisha uliza mwaka: mzee anaweza kuwa anakumbuka tanga la merikani wakati wewe umeunda chombo cha leo, na hapo nyote wawili mko sahihi.

Mara chache mjuzi hukosea. Mfano mzuri ni trekta la Shervick, ambalo Vickers-Armstrongs walilitengeneza kutokana na kifaru cha Sherman kwa ajili ya mpango wa karanga wa Tanganyika wa 1947 hadi 1951, mpango uleule uliotuletea reli ya Nachingwea iliyokwisha kung'olewa. Ukiliunda, patatokea mtu wa kusema vifaru havijawahi kulima nchi hii. Mwonyeshe picha, na usisherehekee. Hoja yake ya pili, kwamba udongo kwenye minyororo ni mweusi mno, inaweza kuwa ya kweli kabisa.

Dalili: Mkosoaji anarudia lilelile kwa kila modeli

Ni suala la ladha. Wapo wanaopenda uchakavu uliotiwa chumvi ili uonekane kwa mbali, na wapo wanaotaka kilekile kinachoonekana barabarani. Modeli ya 1:72 inastahimili kutiwa chumvi kidogo, ya 1:24 haistahimili. Mwambie mapema uko upande gani, mwendelee na kahawa.

Dalili: Wewe ndiye uliyekosoa, na mwenzako amenuna

Chunguza kwa utaratibu huu: ulisema mbele za watu, au mbele ya watoto wake? Alikuomba maoni? Uliishika modeli yake bila ruhusa? Ulitania mtu ambaye si mtani wako? Mfuate kwake, peke yenu, mtajie sehemu moja iliyokupendeza na sababu ya kupendeza kwake, na lile kosa mpe kwa picha ya gari la kweli badala ya maneno yako.

Dalili: Kila ukiambiwa kitu unapaka tena, na modeli inanenepa

Nati hazionekani, mistari ya milango imezibwa. Umeitikia kila neno kwa brashi. Acha kupaka. Rangi ya maji inaweza kuondolewa kwa spiriti kwenye sehemu ndogo uliyojaribu kwanza. Ikiwa tabaka zimechanganyika, andika tarehe chini ya modeli, iweke kabatini, na lile uliloambiwa lifanyie kazi kwenye inayofuata.

Wakati wa kuacha kubishana

Matusi hayatibiki kwa maelezo. Funga boksi lako uage. Kwa modeli ya kuuza, ubishi wa "nilitaka chafu zaidi" au "mbona umeniharibia" ukishagusa pesa, tafuteni mtu mzima mnayemheshimu nyote wawili, na ikishindikana nendeni ofisi ya serikali ya mtaa. Picha ya lori au chombo mlichokubaliana, yenye sahihi zenu wote nyuma na bei, ichukue kabla hujafungua kopo la kwanza.